Kuondoa sanamu za Jenerali Lee ni kufuta historia?

*Swali:* Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, sasa tunaishi Virginia, upande wa bonde la Shenandoah. Jirani yetu ni mzee wa Kizungu, mtu mwema kweli. Theluji ikianguka, yeye ndiye hutusafishia njia kabla hatujaamka. Lakini uani kwake inapepea ile bendera nyekundu yenye msalaba wa buluu na nyota. Nilipomuuliza alisema ni urithi wa babu zake, kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipiganwa kwa ajili ya haki za majimbo wala si utumwa, na kwamba wanaoondoa sanamu za majenerali wa Kusini wanafuta historia. Mwanangu Idrisa naye ana mechi kwenye shule iliyorudishiwa jina la Stonewall Jackson, jenerali wa Kusini katika vita hivyo, anauliza kama agome. Niwaambie nini hawa wawili? (Mama Idrisa, Virginia)

*Jibu:* Marahaba, Mama Idrisa. Jirani yako amefunga maswali mawili katika kauli moja, na ukiyajibu kwa pamoja mtagombana bure. La kwanza ni kwa nini majimbo ya Kusini yalijitoa katika Muungano wa Marekani mwaka 1860 na 1861. Hilo lina jibu, tena limeandikwa na wenyewe waliojitoa. La pili ni nini kifanywe leo na sanamu, bendera na majina ya shule. Hapo ndipo watu wenye akili zao hutofautiana, na mimi pia nina upande wangu, nitausema.

Tuanze na maandishi. South Carolina ilikuwa ya kwanza kujitoa, tarehe 20 Desemba 1860, na ikatoa tamko la kueleza sababu. Ukilisoma utakuta lalamiko kubwa ni kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwakamata na kuwarudisha watumwa waliotoroka, ilhali sheria ya serikali kuu ya 1850 iliwataka wafanye hivyo. Tazama jambo hilo lilivyo: majimbo ya Kaskazini ndiyo yaliyokuwa yakitumia haki zao kama majimbo, na South Carolina ikaona kosa. Mississippi haikuzunguka hata kidogo. Karibu mwanzoni mwa tamko lake inasema msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa, maslahi makubwa kuliko yote duniani. Machi 1861, mjini Savannah, makamu wa rais wa Shirikisho jipya (Confederacy) lililoundwa na majimbo yaliyojitoa, Alexander Stephens, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba jiwe la msingi la serikali yao ni ukweli kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili.

Tena watu wa Shirikisho walikuwa wameandika katiba. Katiba hiyo ililikataza bunge lao kutunga sheria yoyote ya kupunguza haki ya kumiliki watumwa weusi, na ikampa kila raia ruhusa ya kupita na kukaa katika jimbo lolote akiwa na watumwa wake. Maana yake, jimbo la Shirikisho lililotaka kujitangaza kuwa jimbo huru lisilo na watumwa lisingeweza kumzuia mgeni kuja nao. Kama vita vilikuwa vya haki za majimbo, haki hiyo hasa waliisahau.

Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa karibu milioni 4 nchini Marekani. Katika South Carolina na Mississippi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wote. Pamba waliyoilima ilikwenda Liverpool, ilikwenda viwanda vya Massachusetts, na kutoka huko ikafika hata Unguja: majora ya merikani ambayo wafanyabiashara wa Salem waliyaleta, na ambayo misafara ya bara ilibeba kama fedha, yalifumwa kwa pamba hiyo. Vita vilipoanza biashara hiyo ilikatika. Kwa hiyo usijione mgeni kabisa katika mjadala huu.

Hata hivyo jirani yako ana hoja ambazo usizipuuze. Katika majimbo 11 ya Shirikisho, takriban familia moja kati ya tatu za Kizungu ndiyo iliyomiliki watumwa, basi yawezekana kabisa babu yake hakumiliki hata mmoja. Kuanzia Aprili 1862 vijana walilazimishwa kuingia jeshini kwa sheria, na miezi michache baadaye sheria nyingine ikamsamehe mzungu mmoja kwa kila shamba lenye watumwa 20 au zaidi. Maskini wa Kusini walinung'unika wazi kwamba hivi ni vita vya tajiri vinavyopiganwa na fukara. Tena ni kweli kwamba Kaskazini haikuingia vitani ili kuwakomboa watumwa. Rais Lincoln wa Marekani alianza kwa nia ya kuurudisha Muungano; tangazo la kuwaweka huru watumwa wa maeneo yaliyoasi lilikuja tarehe 1 Januari 1863. Babu anaweza kupigana kwa sababu zake na serikali yake ikapigana kwa sababu nyingine. Lakini sanamu ya jenerali juu ya farasi, urefu wa nyumba ya ghorofa, haimkumbuki babu huyo.

Ndipo tufike kwenye sanamu. Swali moja rahisi humpa mtu mwanga kuliko hotuba ndefu: iliwekwa lini, na wapi?

Katika miaka ya mwanzo baada ya Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi kuu la Kusini, kusalimu amri pale Appomattox, Aprili 1865, kumbukumbu nyingi za wapiganaji wa Kusini ziliwekwa makaburini. Zilikuwa minara na mawe ya matanga. Familia zilikuwa zimepoteza vijana ambao miili yao mingi haikurudi, na anayekejeli kilio kile hana utu. Lee mwenyewe, alipoalikwa mwaka 1869 kwenda Gettysburg, uwanja wa vita ambako jeshi lake lilishindwa mwaka 1863, kusaidia kuweka alama za mahali majeshi yalipopigana, alikataa, akasema ni busara zaidi kutoviacha vidonda vya vita wazi na kufuata mfano wa mataifa yaliyojitahidi kufuta alama za ugomvi wa ndani. Maneno hayo ni ya mtu ambaye sanamu zake tunagombania.

Wimbi kubwa lilikuja baadaye, takriban kati ya 1890 na 1920, na halikwenda makaburini. Lilikwenda mbele ya mahakama za kaunti, viwanja vya mabunge ya majimbo na vyuo vikuu. Ndiyo miaka ile ile majimbo hayo yalipokuwa yakiandika katiba mpya za kumnyang'anya mtu mweusi kura: Mississippi mwaka 1890, Virginia yako mwaka 1902. Ndiyo miaka ya watu kuuawa na magenge bila kesi, mara nyingine mbele ya mahakama hizo hizo. Mwaka 1894 kilianzishwa Nashville chama cha United Daughters of the Confederacy, akina mama wenye bidii ya ajabu, waliochangisha fedha za sanamu nyingi kati ya hizo. Wasomi wengi huishia kwenye sanamu, lakini mimi naona kazi yao kubwa zaidi ilikuwa vitabu vya shule. Mwanahistoria wao, Mildred Lewis Rutherford wa Georgia, alisambaza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mwongozo wa kukagua vitabu: kitabu kinachosema Kusini ilipigania kubaki na watumwa wake kikataliwe, kinachosema bwana wa watumwa alikuwa mkatili kikataliwe. Jirani yako ni mzee. Kile alichokuambia uani huenda alifundishwa darasani na mwalimu aliyemwamini, na mwalimu huyo alifundishwa vivyo hivyo. Ukilijua hilo hutamwona mwongo.

Waliozindua sanamu hawakuficha nia. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, mwaka 1913, tajiri Julian Carr alihutubia uzinduzi wa sanamu ya askari wa Kusini, akajisifu mbele ya umati kwamba baada ya vita, karibu na hapo waliposimama, alimchapa mwanamke mweusi kwa mjeledi hadi nguo zake zikachanika. Alisema hivyo akiamini kwamba wasikilizaji watafurahi.

Bendera nayo ina safari yake. Ile ya jirani yako haikuwa kamwe bendera rasmi ya nchi ya Shirikisho. Ilikuwa bendera ya vita ya jeshi la Lee. Iliingizwa kwenye bendera ya Mississippi mwaka 1894, kwenye bendera ya Georgia mwaka 1956, na ikapandishwa juu ya jengo la bunge la South Carolina mwaka 1961. Miaka ya 1956 na 1961 haikuwa ya maombolezo. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua mwaka 1954 kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe shuleni ni kinyume cha katiba, na wanasiasa wa Kusini walikuwa wakiapa kupinga. Ni kweli 1961 ilikuwa pia kumbukumbu ya miaka 100 ya vita. Lakini sherehe ilipokwisha bendera haikushuka.

Kuhusu kufuta historia, nina mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote. James Longstreet alikuwa miongoni mwa majenerali wakubwa wa Lee, na Lee alimtegemea sana. Alipigana karibu vita vyote vya jeshi lile hadi Appomattox. Kama sanamu zilikuwa za kuheshimu ushujaa wa askari tu, Longstreet angekuwa nazo tele. Lakini baada ya vita aliingia chama cha Republican, chama cha Lincoln, akaunga mkono haki ya weusi kupiga kura, na Septemba 1874, mjini New Orleans, aliongoza polisi na wanamgambo, wengi wao weusi, kuilinda serikali halali ya Louisiana dhidi ya genge la wazungu wenye silaha lililoitwa White League. Walimshinda na kumjeruhi. Baada ya hapo wenzake wa zamani walimtwisha lawama ya kushindwa kule Gettysburg, na hakupata sanamu katika uwanja ule hadi 1998. Na wale waliomshambulia New Orleans? Walijengewa mnara mwaka 1891, baadaye ukaongezwa maandishi ya kusifu utawala wa wazungu. Mnara huo uliondolewa usiku wa manane mwezi Aprili 2017 na wafanyakazi waliofunika nyuso na kuvaa fulana za kuzuia risasi, kwa sababu ya vitisho.

Sasa jumlisha wengine. Askari weusi wapatao 180,000 walipigania Muungano, wengi wao watumwa wa jana kutoka majimbo hayo hayo. Wazungu wa mashariki mwa Tennessee walipiga kura kukataa kujitoa. Kaunti za magharibi mwa Virginia zilijitenga na kuwa West Virginia mwaka 1863. Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa rubani wa meli Charleston, aliichukua meli ya Shirikisho iitwayo Planter usiku wa Mei 1862 akiwa na familia yake, akaipitisha mbele ya mizinga akitoa ishara sahihi za kila ngome, akaikabidhi kwa Kaskazini. Baadaye aliingia Bunge la Marekani. Hao wote ni watu wa Kusini. Kwa zaidi ya miaka 100 viwanja vya miji yao vilisema hawakuwepo. Kwa hiyo ukiniuliza historia ilifutwa lini, nitakwambia ilifutwa siku sanamu zilipowekwa. Smalls ndiyo kwanza bunge la South Carolina likamwidhinishia sanamu mwaka 2024.

Wala si kweli kwamba malalamiko haya yameletwa na vijana wa leo. Sanamu ya Lee ilipozinduliwa Richmond, Mei 1890, John Mitchell, mhariri mweusi wa gazeti la Richmond Planet na diwani wa jiji, aliandika kwamba mtu mweusi ndiye aliyetumiwa kuisimamisha, na wakati ukifika atakuwepo kuishusha. Ilishushwa tarehe 8 Septemba 2021, na mkandarasi aliyeongoza kazi alikuwa mweusi. Wapo waliopinga tangu siku ya kwanza. Hawakuwa na kura za kutosha tu.

Kilichobadili mambo mnajua kwa sehemu. Juni 2015 kijana mbaguzi aliyejipiga picha na bendera hiyo aliwaua waumini tisa weusi katika kanisa la Emanuel, Charleston. Mwezi uliofuata bunge la South Carolina liliishusha bendera. Agosti 2017 wabaguzi walikusanyika Charlottesville, si mbali na kwenu, kutetea sanamu ya Lee, na mmoja wao akaendesha gari kwenye umati na kumuua mwanamke kijana, Heather Heyer. Kisha ukaja mwaka 2020 na kifo cha George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi, na Mississippi ikaiacha bendera yake ya 1894.

Linalonikera mimi katika mjadala huu ni jinsi usivyojadiliwa mahali panapostahili. Watu hudhani ni ugomvi wa kumpenda au kumchukia Lee. Mara nyingi ni ugomvi wa nani ana mamlaka. Majiji mengi ya Kusini yana wakazi weusi wengi na mameya wanaotaka sanamu ziondoke; mabunge ya majimbo yanashikwa na watu wa vijijini na vitongoji wasiotaka. Ndiyo maana Alabama ilitunga mwaka 2017 sheria ya kulinda minara iliyodumu miaka 40 na zaidi, faini dola 25,000. Birmingham ikaondoa mnara wake mwaka 2020 na kulipa faini. Memphis ilikuwa na ujanja zaidi: sheria ya Tennessee ililinda sanamu zilizo kwenye ardhi ya umma, basi Desemba 2017 jiji likauza viwanja vyake viwili kwa shirika lisilo la faida, na usiku huo huo sanamu ya Nathan Bedford Forrest, mfanyabiashara wa watumwa na kiongozi wa mwanzo wa Ku Klux Klan, genge la siri la wazungu wabaguzi, ikaondoka. Virginia yenu iliwarudishia watu wa mitaa uamuzi kuanzia Julai 2020. Kwangu hilo ndilo lililo sawa: anayepita mbele ya sanamu kila siku kwenda mahakamani ndiye aulizwe. Na mji ukiamua kubaki nayo baada ya kura ya kweli, nitasikitika, ila nitaheshimu.

Sipendekezi dawa moja kwa kila mahali. Makaburi yaachwe. Jina la marehemu juu ya kaburi lake ni haki ya ndugu zake, hata alipigania nini. Mbele ya mahakama hapana: mtu anayekwenda kudai haki asilazimishwe kupita chini ya jenerali aliyepigania utumwa wa bibi yake. Mji wa Franklin, Tennessee, uliacha mnara wake na kuongeza mabango ya historia ya soko la watumwa, kisha mwaka 2021 ukasimamisha karibu yake sanamu ya askari mweusi wa Muungano. Si jibu kamili, lakini wakazi walikaa wakazungumza. Charlottesville iliikabidhi sanamu ya Lee kwa kituo cha urithi wa weusi, nacho kikaiyeyusha mwaka 2023. Naelewa hamu ile, ingawa mimi ningeibakiza. Nilichokiona kuwa bora ni Richmond: Jefferson Davis, rais wa Shirikisho, aliyeangushwa na waandamanaji Juni 2020, aliwekwa katika makumbusho ya Valentine akiwa amelala chali, na rangi waliyommwagia bado iko mwilini. Aliyetaka kujua alisimamishwa vipi na akaangushwa vipi, aliona yote pamoja.

Stone Mountain, Georgia, ndiko kunakonishinda. Davis, Lee na Jackson wamechongwa juu ya farasi kwenye ubavu wa mlima wa mawe, mahali ambapo Ku Klux Klan ilifufuliwa mwaka 1915, na kazi ikamalizika 1972, miaka minne baada ya Martin Luther King kuuawa. Sheria ya jimbo inaulinda. Huwezi kuubeba mlima kuupeleka makumbusho, na kulipua sidhani kama kuna atakayethubutu.

Na upepo umegeuka tena. Kambi tisa za jeshi zilizobeba majina ya watu wa Shirikisho zilipewa majina mapya mwaka 2023. Mwaka 2025 majina ya zamani yakarudishwa kwa njia ya kuchekesha kidogo, kwa kutafuta askari wengine wenye majina yale yale. Fort Bragg sasa inasemekana ni ya Bragg mwingine, askari wa Vita vya Pili vya Dunia.

Kwa jirani yako, usianze na bendera. Muombe mkae na tamko la South Carolina na la Mississippi, ni kurasa chache tu na yapo mtandaoni bure, msome kwa sauti. Muulize pia jina la babu yake, kikosi chake, na amezikwa wapi. Kama kaburi liko karibu, nendeni naye.

Idrisa acheze. Shule hiyo ilipewa jina la Jackson mwaka 1959, wakati Virginia ilipokuwa katikati ya kampeni ya kupinga kuchanganya watoto shuleni. Ikabadilishiwa jina baada ya 2020, na Mei 2024 bodi ya shule ikalirudisha kwa kura tano dhidi ya moja. NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, ikaenda mahakamani. Watoto atakaocheza nao hawakupiga kura hiyo, na baadhi yao ni weusi wanaovaa jina hilo kifuani bila kuulizwa. Angekuwa mwanafunzi wa hapo ningekuwa na mengi ya kusema, kwa sababu tangu 1943 Mahakama Kuu imeshikilia kwamba shule ya umma haiwezi kumlazimisha mtoto atangaze asichokiamini. Yeye ni mgeni wa siku moja. Kama wewe ni mkazi wa kaunti hiyo, vikao vya bodi viko wazi na kwa kawaida hutengwa muda wa wakazi kuzungumza. Wanaochaguliwa kukaa pale mezani ndio wa kupelekewa hoja.